Fundi Aliyegonga Mapaa

Kwa zaidi ya miaka ishirini sikuwahi kumwona amekaa akamaliza kikombe cha chai. Alikunywa kwa kusimama, mkono mmoja kiunoni, macho juu. Ukimkaribisha kiti alikishika mgongo, akakitikisa kidogo kuona kama kimeungwa sawasawa, kisha akakisahau. Chai ikapoa. Yeye alikuwa anatazama kona ya dari yako, mahali ambapo wewe mwenye nyumba hujawahi kupatazama, na ulijua kabla hajaaga ataomba ngazi.

Tulimwita Fundi. Mafundi wamejaa Arusha, wa umeme, wa cherehani, wa pikipiki, lakini pale Sekei ukisema Fundi bila kuongeza neno, watu walielewa unamsema yule mama wa vigae. Habari za alikozaliwa na za ukoo wake siziandiki. Kwanza sizijui vizuri, na pili yeye mwenyewe aliulizwa mara moja mbele yangu akajibu, "Mimi mtu wa Kilimanjaro, inatosha, hebu nishikie hiyo ndoo." Yu hai bado. Akisikia nimemwandika atanitafuta anisahihishe vipimo.

Mimi nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, nimepanga chumba nyumba ya jirani, na kati yetu kulikuwa na ua wa michongoma. Asubuhi ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba bila kunitazama, akaniuliza kama mwenye nyumba wangu ameniambia kwamba paa linavuja. Nikasema halivuji. Akasema litavuja. Nilimchukia wiki mbili nzima, hadi mvua iliponyesha juu ya kitanda changu.

Karakana yake ilikuwa Daraja Mbili, kiwanja kidogo chenye uzio wa mabanzi, matangi mawili ya maji na meza ya chuma iliyotetemeshwa kwa betri ya gari. Pale yeye na kina mama wanne walichanganya simenti, mchanga na nyuzi za mkonge zilizokatwa fupi, urefu wa kidole. Mchanganyiko ulitandazwa mezani, meza ikautetemesha hadi ukatulia, kisha ukahamishiwa kwenye kalibu yenye mgongo ili upate umbo la kigae. Kesho yake vigae vilitolewa na kuzamishwa kwenye tangi la maji. Hapo ndipo wateja walipokuwa wanakosana naye. Mtu anakuja na kirikuu kubeba vigae vyake, anaambiwa bado.

"Bado nini, mama? Si vimeshakauka?"

"Hatukaushi. Tunakomaza."

Neno hilo alilisema mara kumi kwa siku, na nimelibeba hadi darasani. Mtoto akiparamia hesabu namwambia hatukaushi hapa. Kwa simenti alikuwa na subira ya ajabu, aliweza kusubiri wiki nne bila kunung'unika. Kwa binadamu hakuwa na subira hata ya dakika moja. Alikukatiza katikati ya sentensi, akakujibu, akaondoka, na wewe ukabaki na nusu ya maneno yako mdomoni.

Hata kanisani hakukaa. Alisimama nyuma karibu na mlango, mahubiri yakianza anahesabu boriti. Watu wakaanza kugeuka kumtazama. Mwishowe wazee wa kanisa, ambao walimheshimu na hawakutaka kumkemea, wakampa kazi ya kupokea wageni mlangoni, ili kusimama kwake kuwe na maana. Aliifanya kazi hiyo vibaya sana. Wageni walijitafutia viti wenyewe huku yeye akiwa amekaza macho kwenye doa la maji juu ya madhabahu.

Kisa cha pipa lazima nikiandike, maana kina mama wa karakana bado wanakisimulia. Kuna kipindi mkonge uliadimika, akaamua kujaribu nyuzi za mgomba. Migomba huku Meru haina idadi, na shina likishazaa linakatwa na kuachwa lioze. Nyuzi zake zinalowekwa kwanza ili utomvu utoke. Pipa lake lilikuwa limetoboka, akanunua jingine kwa mama mmoja wa Sokon I, na mama huyo alikuwa mpika mbege, pombe yetu ya ndizi. Sasa, sisi watu wa huku tunajua kwamba pipa la mbege haliguswi na sabuni. Linasuuzwa tu, ili mbege ya kesho isikose ladha. Fundi, Mlutheri asiyeonja pombe, hakuuliza pipa limetoka kubeba nini. Aliloweka nyuzi, akazisuuza harakaharaka, akapiga vigae vya siku nzima.

Kesho yake vigae havikushika. Keshokutwa havikushika. Siku ya tatu ukibonyeza kidole kinazama. Msaidizi wake wa mezani, mama mmoja mnene mwenye utani mwingi, akaweka mikono kichwani.

"Fundi, hivi vimelewa. Tuvitafutie supu."

Watu wote walicheka isipokuwa yeye. Alikwenda kwenye pipa, akachovya kidole, akalamba. "Tamu," akasema. "Ni sukari. Sukari inaizuia simenti isishike." Tangu siku hiyo hakuna nyuzi zilizoingia kwenye simenti kabla yeye hajaonja maji yake. Ukipita Daraja Mbili asubuhi ungemwona anazunguka kwenye mapipa, kidole mdomoni, anatema, anasema, "Osha tena." Mtu ambaye hakuwahi kuonja mbege aliishia kulamba mapipa kila siku, na ukimwambia hivyo alikasirika kweli.

Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa selulosi. Alilitamka taratibu, kama anamtaja mjukuu aliyefaulu. "Ndiyo inayousimamisha mgomba," alinieleza kutoka ng'ambo ya michongoma nikiwa nafua. "Imo kwenye pamba ya hilo gauni. Imo kwenye karatasi unazosahihisha. Kila mmea unayo, Mwalimu, na sisi tunaichoma moto." Baada ya hapo akaanza kukusanya mifuko mitupu ya simenti, ile ya karatasi, akaichemsha, akaitwanga kwenye kinu, rojo lake akalitia kwenye mchanganyiko. Alisema mfuko uliobeba simenti kwa nje utaweza pia kuishika kwa ndani.

Siku moja tulikuwa njiani kwenda harusini, wanawake watano kwenye gari moja, sare za kitenge, vilemba juu. Tukapita mahali wanapojenga ghorofa. "Simama hapo," akamwambia dereva. Alirudi na rundo la mifuko mitupu, akaiweka mapajani, na vumbi la simenti likatufunika wote. Nilitaka kulia. Kwenye picha ya harusi yumo, amesimama nyuma ya bibi harusi, mikono ya kijivu, anatazama juu ya hema. Vigae vya karatasi vilikuwa vyepesi na vizuri kwa macho, lakini vilinyonya maji mno, akaviacha, akabaki anatengeneza mbao za dari kwa njia hiyo. Mimi kitenge changu hakikupona.

Nimecheka vya kutosha. Sasa niseme jambo lililomnyima raha.

Tangu mwanzo alikuwa na desturi ya kutenga vigae kadhaa kwenye kona ya karakana, juani na mvuani, na kila mwaka alivunja kimoja. Miaka ya kwanza vilipasuka taratibu, nyuzi zikishikilia pande mbili zisiachane. Halafu mwaka mmoja akavunja, kigae kikakatika vipande viwili papo hapo. Alivunja cha pili, kikakatika. Aliuliza huku na kule, akasoma alichoweza, akagundua kwamba simenti yenyewe ndiyo iliyokuwa inazila nyuzi. Ndani ya simenti mna ukali wa chokaa, na ukali huo unazitafuna nyuzi za mmea polepole, kimyakimya, huku kigae kwa nje kikiwa kigumu vilevile.

Dawa aliipata. Ni majivu ya kale ya mlima Meru wenyewe, yale yanayochimbwa upande wa Oldonyo Sambu. Ukiyasaga na kuyachekecha yawe laini kabisa, ukayaweka mahali pa sehemu ya simenti, ule ukali unapoa. Alichekecha kwa pazia lake la dirishani, lile la wavu, na madirisha yake yakabaki wazi mwaka mzima hadi majirani tukamchangia mapazia mengine. Vigae vyenye majivu vilikaa kwenye kona ileile ya karakana mwaka baada ya mwaka, akavivunja, na nyuzi zikashika.

Lakini kulikuwa na mapaa aliyoyaezeka kabla ya majivu. Hayakuwa mengi, na yote alikuwa nayo kichwani. Alianza kuyazungukia. Alibeba msumari wa inchi sita mfukoni mwa gauni, akaomba ngazi, akapanda, akagonga kigae kimoja kimoja huku amelaza sikio. Kigae kizima kinalia kama kikombe cha udongo. Kibovu kinatoa sauti ya boksi. Alikuwa na zaidi ya miaka sitini na bado anapanda ngazi za watu, na watu wakasema mama huyu ana wazimu wa mapaa. Mwenye nyumba aliyekubali, Fundi alivishusha vigae vya zamani na kumwezekea vipya kwa gharama yake mwenyewe. Mmoja baada ya mwingine wakakubali. Likabaki paa moja ambalo mwenye nalo alikataa, nalo lilikuwa la mama yangu.

Tena ni mimi niliyempeleka kwetu. Nimetumia miaka mingi kujaribu kulisahau hilo, kwa hiyo naliandika.

Baba alikuwa anamalizia nyumba yake mlimani, juu ya barabara ya lami, katikati ya migomba na kahawa. Alitaka bati. Mimi, kijana wa mjini mwenye kujua kila kitu, nikamwambia kuna mama jirani yangu ana kitu bora. Fundi akaja na kigae kimoja kwenye kikapu. Hakukaribia hata kiti. Akaweka mawe mawili uani, akalaza kigae juu yake, akavua viatu, akapanda juu. Kigae kikatoa mlio, kikapasuka katikati. Yeye akabaki amesimama juu yake.

"Kimepasuka?" akamwuliza baba.

"Kimepasuka."

"Mimi nimeanguka?"

Baba alicheka hadi akakohoa. Alikwenda mwenyewe Daraja Mbili kuvitazama vikipigwa. Huko akakuta kigae ambacho kuku alikuwa amekikanyaga kingali kibichi, nyayo tatu zimebaki wazi kabisa. Fundi alikuwa amekishika tayari kukivunja. "Hicho ni changu," baba akasema. "Nitakiweka juu ya mlango." Wakabishana, maana Fundi hakutaka kazi mbovu itoke kwake, lakini baba alikuwa Mmeru mkaidi na akashinda. Siku ya kuvipeleka, kirikuu kilishindwa kupanda kwa sababu ya tope, baba akavibeba begani kutoka barabarani, viwili viwili, jioni nzima na asubuhi iliyofuata. Aliezeka mwenyewe, Fundi akimfokea kutoka chini.

Baba aliishi chini ya paa hilo miaka sita, kisha akatutoka.

Kwa hiyo kila mwaka kabla ya masika Fundi alipanda mlimani na msumari wake, na kila mwaka maneno yalikuwa yaleyale.

"Mama Neema, niruhusu nivishushe. Nikuwekee vipya vyenye majivu."

"Vinavuja?"

"Havivuji."

"Umevigonga?"

"Nimevigonga."

"Vinasemaje?"

Hapo Fundi aliinamisha kichwa, maana hakujua kudanganya. "Vinalia vizuri," akasema.

"Basi kunywa chai uende."

Mama alikuwa na sababu zake. Chini ya vigae mvua haipigi kelele, redio inasikika hata masika, na anapolala anasikia migomba tu. Hizo ndizo alizozisema. Sababu nyingine ilikuwa ile jioni na asubuhi ambayo baba alibeba vigae begani, na hiyo hakuisema, ila alipokuwa anafagia uani ungemwona anatazama zile nyayo za kuku juu ya mlango.

Mimi nilikaa katikati yao kama mjinga. Nilimwona Fundi anavyoshuka ngazi amekunja uso, halafu anakunjua kidogo kwa sababu vimelia vizuri, halafu anakunja tena. Nilijua anaogopa. Na mimi niliogopa, ila nilishikilia ule mlio. Vikilia vizuri, nikajiambia, tuna mwaka mmoja zaidi.

Mama pia aliujua udhaifu wa Fundi, na siku akichokozwa aliutumia. Fundi aliyatukana mabati ya watu maisha yake yote. Alisema bati ni ngoma, bati ni jiko, mtu wa kuishi ndani ya bati ana tofauti gani na sadini ya kopo? Na nyumba yake mwenyewe pale Sekei ilikuwa ya bati. Watu wote walijua. Wateja walimtania, kina mama wa karakana walimtania, na yeye akajibu kwamba nyumba ameikuta hivyo, au mabati bado mapya, au mwaka huu hana nafasi. Mara moja tu aliniambia jibu jingine. Tulikuwa tunaanika nguo, kila mtu upande wake wa michongoma. "Nikilala chini ya vigae vyangu, Mwalimu, nitakuwa nasikiliza badala ya kulala." Nililiona jibu la kuchekesha, nikacheka.

Masika ya mwaka juzi, asubuhi, mama aliamka akaenda jikoni kuwasha moto. Nyuma ya nyumba yetu kuna mparachichi mrefu. Parachichi moja likaanguka, parachichi la kawaida tu, likakipiga kigae kilichokuwa juu ya chumba cha mama. Kigae kikakatika vipande viwili. Kimoja kilibaki juu. Kingine kilianguka juu ya mto wake, mahali ambapo kichwa chake kilikuwa dakika chache kabla ya hapo.

Alinipigia simu akiwa anacheka, kicheko cha mtu anayetetemeka. Nilimchukua Fundi siku hiyohiyo, tukapanda mlimani.

Alikiokota kile kipande kitandani. Ukingo wake ulikuwa umekatika safi, kama biskuti. Akakwangua kwa ncha ya msumari hadi akapata uzi mmoja wa mkonge, wa kahawia, akauvuta, akausugua kati ya vidole viwili. Ukawa unga. Akautazama ule unga.

"Hiki nilikigonga mwezi uliopita," akasema. "Kililia vizuri."

Akanigeukia. Akarudia, "Mwalimu, kililia vizuri." Hapo na mimi nikaelewa. Miaka yote ile alikuwa anaisikiliza simenti. Nyuzi ndizo zilizokuwa zimekufa, na nyuzi hazikuwa na sauti. Aliuweka msumari juu ya meza ya mama na hakuuchukua tena. Mama ameupigilia ukutani, anatundikia chungio.

"Vinashuka leo, Mama Neema," Fundi akasema.

"Havishuki."

"Mama," nikasema mimi, "ingekuwa kichwa chako."

"Haikuwa." Akamgeukia Fundi, na sijawahi kumwona mama akimtazama mgeni vile. "Mkivishusha mnavipeleka wapi? Vimeoza, umeonyesha mwenyewe. Utavitupa korongoni, na yule aliyevibeba begani utamtupa navyo."

"Sivitupi. Vinakuja kwangu."

"Kwako!" Mama akagonganisha viganja mara moja. "Wewe uliyejificha chini ya bati miaka yote hii? Mimi nimevilalia, wewe uliyevitengeneza umelala wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mtu mwenye majibu ya papo hapo kwa kila mwanadamu wa Arusha alikigeuzageuza kile kipande mikononi. Mwishowe akasema taratibu, "Nitavibeba mwenyewe. Hata kimoja sitakivunja." Mama akakaa kitandani, akasogeza mto, akaangalia mahali ulipokuwa. Kisha akasema kwa Kimeru, kwangu si kwake, kwamba tuanze na upande wa jikoni ili apate muda.

Siku tatu vilishuka. Fundi alileta vipya vyenye majivu, ameshavikomaza, akavipanga uani. Mama akavitazama, akasema hapana, anataka bati. Nilijua ni adhabu. Fundi hakubishana. Yule mtu aliyeyatukana mabati maisha yake yote alishika ngazi, akampitishia fundi bati misumari, akarudi mjini na vigae vya zamani vimefungwa kwa majani ya mgomba kwenye kirikuu, yeye amekaa nyuma amevishikilia. Niseme kweli, nilidhani atavipanga kona ya karakana avisahau.

Baada ya hapo sikwenda kwake kwa miezi mingi. Nilikuwa nimeolewa nimehamia Sokon I, kazi nyingi, watoto, visingizio vyote ninavyo. Ukweli ni kwamba nilimwonea hasira na nilijionea aibu, na sikujua nianze na kipi. Nilikwenda Jumamosi moja mchana, wingu jeusi limeshuka hadi nusu ya mlima.

Nilisimama kwenye geti lake bila kubisha hodi. Nusu ya nyumba ilikuwa na bati lake la siku zote. Nusu ya pili, upande wa sebule, ilikuwa ya vigae vya kijivu vyenye uoto wa kijani, na juu ya mlango kulikuwa na nyayo tatu za kuku.

"Ingia, mvua inakuja," akasema kutoka ndani.

Alikuwa amekaa. Kiti cha mbao chenye mikono, mto mgongoni, miguu imenyooshwa. Kitanda chake kilikuwa hapohapo sebuleni, kimetandikwa. Chupa ya chai kwenye stuli. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanielekeza kiti kilichokuwa mbali naye kabisa, karibu na mlango wa vyumba. Nilipotazama juu nikaona kwa nini. Boriti moja iligawa paa. Upande wangu ulikuwa wa bati.

"Fundi, jamani. Ndiyo nini hii?"

"Wajukuu wako upande wa bati. Hapa hawavuki, wanajua. Hapa ni pangu."

"Vitakuangukia."

"Pengine." Alisema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. "Mama yako aliuliza swali zuri, Mwalimu. Nilirudi nalo hapa, nikalala nalo. Yeye alivilalia miaka ishirini na zaidi kwa kuniamini mimi. Mimi sikujiamini hata siku moja."

Nikauliza neno la kijinga, kama anapata usingizi.

"Nalala," akasema, na akashangaa mwenyewe. "Unajua, nalala kabisa."

Mvua ikaanza. Upande wangu bati likapiga ngoma, sikusikia kitu. Nilimwona midomo inacheza. Nikasogeza kiti. Nikasogeza tena. Nilipofika chini ya boriti akainua kiganja, kunizuia. Nikakaa palepale, mgongo wangu upande wa bati na magoti yangu upande wake, na hapo sauti yake ikasikika vizuri, kwa sababu juu yake vigae vya baba vilikuwa kimya.

Akanimiminia chai. Nikakishika kikombe mkononi bila kunywa, shingo nimeinyoosha, nikitafuta ufa.

"Usitazame juu," Fundi akaniambia. "Kunywa chai."

Nilitazama juu. Yeye alikunywa kikombe chake taratibu hadi mwisho, akajiongezea kingine.